Mpangaji Hupanda Maua

Jua la saa saba lilikuwa linachoma paki ya magari ya Kasese. Makondakta waliita Hima, Bwera, Katunguru, na bodaboda zilipita katikati ya watu kana kwamba watu ni nyasi. Acan alikuwa na furushi la mashuka ya hoteli kichwani. Sketi yake ya bluu ilikuwa imelowa sabuni magotini, na miguuni alivaa buti kuukuu za jeshi za baba yake. Alikuwa amefua tangu alfajiri. Hakuiona safu ya miche ya kuuza iliyopangwa kando ya njia, na buti moja ikashuka juu ya mche. Kitu kikasema ta.

"Afande, umeua mtoto," sauti ilisema.

Kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lenye alama za udongo alikuwa amechuchumaa nyuma ya miche. Jina lake Kambale, mtu wa Bwera.

"Samahani," Acan alisema chinichini.

"Ulikuwa mfenesi. Baada ya miaka mitano ungekula."

"Miaka mitano nitakuwa wapi? Sisi wa kambi ya jeshi tunahama. Mimi nimehama mara saba."

"Basi wewe ni mtu wa bogenvilia." Akamwonyesha kichaka chenye maua ya zambarau, makavu kama karatasi. "Hii ukikata tawi ukachomeka, inashika. Haiulizi hapa ni wapi."

"Ninayo. Marehemu mama aliikata Gulu. Iko kwenye debe, tukihama inapanda lori na sisi."

Kambale hakucheka. Acan aliinama, furushi kichwani, akaokota mche uliovunjika. "Huu nipe. Mizizi bado mizima."

"Chukua. Lakini nipe namba yako, nijue hali ya mgonjwa."

Acan aliupanda mfenesi kwenye ndoo ya rangi iliyotupwa na hoteli. Kila jioni, alipokuwa anaanua mashuka, simu ililia.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ametoa jicho moja, chini ya pale palipovunjika."

"Na nesi wake?"

"Amechoka."

"Amekula?"

"Nusu chapati."

"Nusu ingine ni ya nani?"

"Ya kukunyima wewe."

Mwezi wa tano jicho lilikuwa limekuwa tawi lenye majani manne, na Acan alikuwa amejua harufu ya shati la Kambale, udongo mbichi na moshi wa kuni. Ila Kambale hakusema neno la mbele. Na mbele palikuwa panakuja. Sajenti Ojok, baba yake Acan, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi wa saba, arudi kwao Kitgum. Watu wote kambini walijua kwamba binti yake atakwenda naye. Aende wapi kwingine?

Mwezi huohuo Amoding, mwenzake wa kufua, alifika kazini macho mekundu. Mwenye nyumba alikuwa ameung'oa mpapai wake.

"Ameniambia mpangaji hupanda maua. Mti wa matunda anapanda mwenye kiwanja, maana kesho mti utasimama useme hapa ni pangu."

Acan aliyaweka maneno hayo moyoni.

Ndipo mwezi wa saba Kambale akamwalika Bwera akamsalimie mama yake. Acan alivaa gauni la kitenge la njano alilolipiga pasi mara mbili, akaibeba ndoo yenye mfenesi kama zawadi. Mama Consolée alikuwa mzaliwa wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka. Alimpokea mlangoni.

"Karibu, mwana yangu. Umechoka na njia? Batu ba Kasese beko muzuri?"

Acan alipiga magoti akamsalimu. Uani palikuwa pamefagiliwa vizuri, isipokuwa nyuma ya jiko. Huko ulisimama mfenesi mkubwa, na chini yake mafenesi yalikuwa yanaoza, nzi wamejaa. Alishangaa, lakini hakuuliza. Baada ya chai alisema, kwa sauti ndogo:

"Mama, nipande wapi huu?"

Mama Consolée aliitazama ndoo, akautazama mti wa nyuma ya jiko, kisha mwanawe.

"Ile acha kwanza. Panda maua hapa mbele ya mulango. Maua inatosha."

Acan alimgeukia Kambale. Kambale alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Alirudi Kasese na ndoo mapajani. Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne aliipokea kwa sababu alichoka kuisikia ikilia.

"Afande."

"Usiniite hivyo."

"Nimekosa nini?"

"Mpangaji hupanda maua. Hamkunitukana. Mmeniambia tu, nami nimeelewa."

"Ule mfenesi wa nyuma ya jiko uliuona?"

"Niliuona unaoza."

"Aliupanda Eseri. Alikuwa mke wangu. Tulikaa miaka minne, akaenda Kampala kutafuta kazi, akaolewa hukohuko. Mama alimpenda kama binti yake. Mti ukaanza kuzaa baada ya yeye kwenda, na mama hajaonja hata punje."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilichoka na hadithi hiyo."

"Na mimi nimechoka kubeba ndoo, Kambale."

"Sikiliza. Mtu akiondoka na maua yake, tunaziba shimo, tunasahau. Mti unabaki unatutazama. Mama anaogopa hilo. Si kwamba hakutaki."

"Na wewe?"

Ng'ombe alilia huko Bwera, mbali na simu.

"Hata mimi naogopa."

"Basi ogopa. Jumamosi naondoka na baba."

Jumamosi asubuhi lori lilisimama mbele ya kwota za askari. Magodoro yalipanda, masufuria yakapanda, kisha debe la bogenvilia, likimwaga maua yake ya zambarau juu ya kila kitu. Acan alikuwa bado chini, ameikumbatia ndoo.

"Huo mti utakauka Kitgum," Sajenti Ojok alisema.

"Najua, baba."

"Sasa?"

"Nimechoka kuhama."

Mzee alivua kofia, akafuta jasho. "Mama yako aliniambia hivyohivyo, Gulu. Nikajifanya sijasikia."

Simu ya Acan ikalia. Alisita, akapokea.

"Mama ameshika panga tangu asubuhi," Kambale alisema, anahema. "Anazunguka nyumba nzima, anatafuta mafuta ya kupikia."

"Ya nini?"

"Ya kupaka mikono. Na panga."

Acan alielewa. Mtu hapaki panga mafuta ili akate mti. Anapaka ili apasue fenesi, utomvu usimgande.

"Amesema nisikate simu kabla sijakuuliza."

"Uniulize nini?"

"Kama utakuja kula."

"Hilo tu?"

"Hilo ni la mama. La kwangu ni kama utakaa. Uwe mke wangu, Acan. Ilinipasa nikuulize siku ile nilipokuwa natazama miguu."

Acan aliinua macho kulitazama lori. Baba yake alikuwa amepanda mbele, ameliomba debe la bogenvilia liletwe, akaliweka katikati ya magoti yake.

"Hili nitakwenda nalo," alisema bila kumtazama. "Limezoea lori. Mwambie mtu huyo aje Kitgum aniamkie kama watu wanavyofanya. Nawe sogea, gurudumu lisikukanyage."

Acan alifika Bwera mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Fenesi lilikuwa limepasuliwa juu ya majani ya ndizi, la manjano, harufu imejaa ua mzima. Mama Consolée alimnyooshea kipande kwa mkono unaong'aa mafuta.

"Kula, mwana. Muti haina kosa."

Mwenyewe alikuwa bado hajaonja. Alimsubiri Acan aanze, kisha akatia punje moja mdomoni, akatafuna polepole, uso ameugeuzia jikoni.

Kambale alikuwa amechimba shimo upande wa pili wa ua, mbali na mfenesi wa Eseri, mizizi isije ikapigana. Acan aliutoa mche kwenye ndoo, akaushusha, akarudisha udongo kwa mikono yake mwenyewe. Kovu la pale alipoukanyaga bado lilionekana.

"Miaka mitano," Kambale alisema.

"Nilisikia tangu paki."

Alivua buti za jeshi, moja halafu nyingine. Akaigeuza ndoo tupu, akaikalia.