Mwanamume Aliyetafutiwa Bei

Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alimshika mkono, akaugeuza, akapenyeza vidole kwenye pindo la shati akitafuta bei. Hakuiona. Akainama achungulie kwenye kola. Hapo ndipo shingo iliyokuwa ndani ya kola ilipomeza mate, na mama akapiga yowe lililofika mpaka kwenye ngazi za umeme.

"Jamani! Kumbe ni mtu!"

Ilikuwa Jumamosi ya punguzo katika duka la nguo za wanaume, ghorofa ya chini ya jengo la biashara. Watu walikuwa wamefurika, wanakanyagana, wanavutana suruali. Katikati ya zahama hiyo mwanamume mmoja alikuwa amesimama baina ya sanamu mbili za kuvalishia nguo, mikono imening'inia, macho mbele, kimya. Hata lile yowe halikumshtua.

"Samahani, mama," alisema, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Muuzaji aliyekuwa karibu alicheka mpaka akajishikiza mezani. Wenzake walimwita Bi Pasi, kwa kuwa hakukubali nguo itundikwe ikiwa na mkunjo hata mmoja. Siku hiyo alivaa sketi ya jinzi na blauzi nyeupe iliyonyooka kama karatasi mpya, na tepu ya kupimia ilimning'inia shingoni kama mkufu.

"Karibu, kaka. Watu hatuuzi hapa, ila ukipenda nakuweka dirishani."

Hakucheka. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anayesubiri maelekezo.

"Dada yangu amenituma ninunue nguo."

"Za nani?"

"Zangu."

"Mtu mzima mwenye ndevu unatumwa nguo zako mwenyewe?"

"Amechoka kuniona hivi."

Hivi maana yake ilikuwa shati la bluu lililopauka, mabega yamemporomoka, na suruali ya kitambaa iliyokusanywa kiunoni kwa mkanda hadi ikafanya marinda. Chini alivaa viatu vyeusi vya soli laini, visivyotoa sauti. Alikuwa nesi katika wodi ya wagonjwa mahututi, na kule hakuna anayetembea kwa kishindo.

"Shati hili si lako," alisema Bi Pasi.

"La kaka yangu."

"Kaka yako ana mwili. Mrudishie, atakuwa analitafuta."

"Halitafuti."

Bi Pasi alidhani huyo kaka yuko safarini, au ni tajiri wa mashati. Foleni ilikuwa ndefu, hakuuliza zaidi. Alianza kuchomoa nguo rafuni, mdomo ukienda sawa na mikono.

"Sikiliza. Mwanamume hahitaji kabati zima. Fulana nyeupe isiyo na maandishi, jinzi ya bluu iliyokoza, shati la kitani, suruali ya kaki, na raba nyeupe ambazo huoni uvivu kuzifuta. Ukivaa, rangi zisizidi tatu. Shati likikaa begani na suruali ikaishia kifundoni, umemaliza. Watu watadhani umehangaika, kumbe ulivaa huku unapiga mswaki. Unapenda rangi gani?"

"Yoyote."

"Yoyote siyo rangi, mpenzi."

Neno hilo alilitamka kama wauzaji wanavyolitamka kwa kila mtu. Kabla hajamwingiza kwenye chumba cha kujaribia alichukua simu ya duka. "Naomba nikupige picha moja sasa na moja ukishabadilisha. Napenda kujiwekea kazi zangu."

"Piga tu."

Alipotoka pazia likapeperuka nyuma yake, na Bi Pasi akasahau mteja aliyekuwa anamlilia saizi. Fulana nyeupe ilimkaa kifuani bila kumbana. Shati la kitani la rangi ya mchanga lilikuwa wazi juu yake, mikono imekunjwa hadi chini ya kiwiko. Kumbe alikuwa na shingo ndefu na mabega yake mwenyewe. Yeye alijitazama kwenye kioo kama anavyotazama kipimo cha joto.

"Inatosha?" aliuliza.

"Inazidi," alisema Bi Pasi, akapiga picha ya pili.

Suruali ya kaki ilihitaji kupunguzwa, kwa hiyo yule nesi akaacha namba yake ya simu, akataja na kazi yake. Fundi alipomaliza, Bi Pasi ndiye aliyepiga.

"Nesi, suruali yako inalalamika umeitelekeza."

"Nitaifuata kesho."

"Na mimi niliyeipigia pasi?"

"Wewe unalalamika nini?"

"Njaa. Natoka kazini saa kumi."

Alikuja saa kumi kamili, akampeleka kula. Juma lililofuata akaja tena, halafu ikawa mazoea. Walitembea barabara za katikati ya mji baada ya maduka kufungwa, yeye ndani ya mavazi aliyopangiwa, Bi Pasi akimnyooshea kidole wanaume wengine: yule mkanda na viatu vyake vinagombana, yule amevaa jinzi ya mdogo wake. Nesi alisikiliza. Hakusema sana, lakini alimshika kiwiko wakivuka barabara, alikumbuka kwamba hapendi kukaa karibu na mlango, na Bi Pasi alipopatwa na kipandauso alimletea dawa dukani, akasimama hapo mpaka alipoinywa.

"Unacheka lini wewe?" Bi Pasi alimuuliza mara moja kwenye simu.

"Nikiona kitu cha kuchekesha."

"Mimi sichekeshi?"

"Unachekesha. Najua kwamba unachekesha. Huwa nakumbuka uliyosema nikiwa kazini."

"Ukikumbuka unacheka?"

"Nakumbuka tu."

Mama yake Bi Pasi alipomwona kwenye video hakuficha lake. "Mwanangu, mwanamume ni mzuri, simkatai. Lakini uso wake kama nyumba waliyohama watu. Utabisha hodi mpaka lini?"

"Taa naziona zinawaka, mama."

"Haya. Mimi nimesema."

Jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata Bi Pasi, ni kwamba Nesi alikuwa ameanza kuilaza simu mezani kioo kikiwa juu, aone Bi Pasi akipiga, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu mwingine. Mwenyewe hakulipa jina.

Mambo yaliharibikia kwenye simu ile ya duka. Bosi wa duka alizikuta picha, akazipanga mbili pamoja, akaziweka kwenye ukurasa wa duka na maneno makubwa: KUTOKA GUNIA HADI MTANASHATI! Bi Pasi hakuwepo, alikuwa amechukua likizo ya siku chache kumuuguza mama. Picha ikasambaa. Watu wakacheka wanavyocheka watu wasiomjua mtu. Mmoja akaandika: "Marehemu anadai shati lake." Wengine wengi wakampongeza kwa utani huo.

Nesi aliyasoma akiwa amekaa kitandani kwake. Akayasoma tena. Akaweka simu chini, akaenda kazini, na tangu hapo hakupokea simu ya Bi Pasi wala kujibu ujumbe wake.

Bi Pasi aliporudi dukani alimkuta mwanamke mnene mwenye miwani akimsubiri. Macho yake yalikuwa macho ya Nesi, ila haya yalikuwa yanawaka.

"Wewe ndiye Bi Pasi?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Usinikaribishe. Nilikuwa nimeshaanza kukuita wifi moyoni mwangu. Nilisema, huyu mtoto atanirudishia mdogo wangu. Kumbe ulikuwa unamfanya kichekesho!"

"Sielewi, dada yangu."

Akaonyeshwa. Bi Pasi aliitazama picha, akaona mwanga wa chumba chake cha kujaribia, akaona kazi yake, na yale maneno makubwa juu yake.

"Shati hilo ni la kaka yetu mkubwa," alisema dada, sauti imeshuka. "Tumemzika mwaka jana. Huyu hakulia. Alihamia tu kwenye nguo zake."

Bi Pasi alimrudishia dada simu. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bosi, na wateja walisikia mlango, kisha sauti, kisha kitu kikianguka. Picha ikaondolewa kabla ya mchana. Na Bi Pasi akaondolewa pia. Alitoka na mkoba wake na pasi aliyoinunua mwenyewe, waya unaburuta.

Usiku alimtumia Nesi ujumbe baada ya ujumbe wa kuomba msamaha, na siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, alikwenda hospitali. Alimkuta Nesi kwenye benchi la korido nje ya wodi, ndani ya sare ya kijani, akinywa maji. Hakushtuka kumwona. Alisogea ampe nafasi.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Umeshaomba. Kwenye ujumbe."

"Hukujibu hata mmoja."

"Niliusoma kila mmoja."

"Picha sikuiweka mimi. Lakini niliipiga mimi, nikaiacha mahali pa watu. Kwa hilo una haki ya kunikasirikia."

"Sikukasirika," alisema Nesi. "Nilikaa nikazisubiri hasira, hazikuja. Yule aliyeandika habari ya marehemu, nilimsoma mara nyingi kabisa. Hakuna. Nikajiambia, kama hata hili halinigusi, huyu dada wa watu nitampa nini? Ndiyo maana nikanyamaza. Nilikuwa nakupa nafasi uondoke vizuri."

Bi Pasi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakujiandaa.

"Dada yako ameniambia habari za kaka."

Nesi alitazama mlango wa wodi. "Alifia humu. Kitanda cha dirishani. Nilikuwa zamu. Mimi ndiye niliyezima mashine, nikamfumba macho, nikamwosha, nikamfunika. Halafu kitanda cha pili kikaita, nikaenda. Wenzangu walinisifu, wakasema nina moyo mgumu. Tangu hapo mwili mzima uko kama mkono uliolaliwa. Naona unagusa, lakini ganzi tupu."

"Mimi mkono ukifa ganzi huwa nautikisa mpaka urudi."

"Ukirudi unauma."

"Unauma, unalalamika kidogo, halafu unaushikia kikombe."

Nesi alimgeukia, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Bi Pasi akae. "Leo siyo siku yako ya mapumziko. Duka je?"

"Nimefukuzwa. Nilimwambia Bosi maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua."

"Maneno gani?"

"Wagonjwa watasikia."

Pembe ya mdomo wake ilicheza. Haikuwa tabasamu, lakini Bi Pasi aliichukua hivyo hivyo ilivyo.

Hawakurudi walipokuwa, walianza upya, polepole. Bi Pasi akajitafutia kazi yake mwenyewe, kuwapangia wanaume nguo majumbani kwao. Aliingia, akafungua kabati, akamwaga kila kitu kitandani, na mara nyingi aligundua kwamba mtu ana nguo za kutosha, hajui tu ipi iende na ipi. Wateja walileta wateja. Jioni alimpigia Nesi kumsimulia.

"Leo nimemkuta bwana ana suruali nyeusi tupu. Eti hataki kufikiria."

"Umemfanyaje?"

"Nimemwongezea viatu vya kahawia na fulana za kola. Mke wake karibu anibusu."

"Mimi nimenunua fulana," alisema Nesi.

"Wapi? Na nani?"

"Peke yangu. Rangi ya matofali."

Bi Pasi aliketi juu ya nguo za watu alizokuwa anazikunja. "Kwa nini matofali?"

"Niliipenda," alisema, na sauti yake yenyewe ilisikika imeshangaa kidogo.

Siku nyingine Nesi hakuwa na neno hata moja, na Bi Pasi alikaa naye hivyo hivyo, simu ikiwa sikioni, kila mmoja akiendelea na shughuli zake. Zipo siku Bi Pasi alichoka, akamwambia wazi, "Leo siwezi, naomba nilale," naye akajibu, "Lala," na kesho yake akapiga yeye kwanza.

Jumapili moja alasiri dada aliwaita nyumbani kwake, ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu. Walipofika kwenye ngazi za kuingilia Nesi alisimama. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani, pu, pu, pu, na mtu fulani alikuwa anaosha gari huku redio inaimba.

"Kabla hatujapanda," alisema, "nataka uolewe na mimi."

Bi Pasi aligeuka. "Hivyo? Kama unaomba chumvi?"

"Sijui namna nyingine. Nimejaribu mbele ya kioo, nikajiona mwongo."

"Unanipenda?"

Alifikiri. Wanaume wengi wangejibu upesi, na Bi Pasi angewajua wanadanganya. "Nikiamka, kabla sijajua nipo wapi, nataka kukusikia. Nikiona mtu amevaa vibaya nataka uwepo umseme. Ukichelewa naangalia barabara. Kama hayo ndiyo mapenzi, basi ninayo. Kama siyo, ndiyo niliyonayo."

Mpira uligonga ukuta. Bi Pasi aliuangalia ukidunda mpaka ukatulia.

"Ndiyo," alisema. "Nakubali."

Nesi aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Asante." Kisha akakaa kwenye ngazi, ghafla, na mikono yake ikaanza kutetemeka. Mikono ambayo ilitafuta mishipa ya wagonjwa mahututi bila kukosea ilikuwa inatetemeka magotini, naye anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Nini? Umeshajuta?"

"Hapana." Pumzi zilimtoka vipande vipande. "Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Siku moja utakufa."

Bi Pasi alitafuta la kumfariji, akakosa ambalo lingekuwa kweli. "Nitakufa," alisema.

"Najua." Chozi lilimtoka, likateremka mpaka kwenye ndevu, na hakulifuta. Likafuata jingine. Juu, dirisha lilifunguka na dada akachungulia.

"Nyie! Chai inapoa! Mnangoja nini huko chini?"

"Tunakuja, wifi!" aliita Bi Pasi.

Alikusanya gauni lake lisiguse vumbi, akamgusa Nesi begani.

"Songa," alisema, "nikae."

Akasonga.