Mkono wa Sweta

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kumsaidia mama kupepeta mchele wa Madibira anaouza sokoni, Eveline alipewa ruhusa ya kwenda kucheza. Watoto wengine wa Soweto, jijini Mbeya, walikimbilia chandimu, soka la mtaani. Yeye alikwenda kwenye ukumbi wa vijana wa kanisa, kwenye meza ya pool. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono mirefu kuliko umri wake, na kwa kulenga mipira hakuwa na mpinzani pale ukumbini.

Meza yenyewe ilikuwa na kesi. Watu wa mtaani walizoea kuziona meza za namna ile baa, zimezungukwa na chupa, kwa hiyo Kocha Jailos alipoileta ukumbini, wazazi walishika vichwa. Aliyepinga kuliko wote alikuwa Mzee Anyelwisye, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti alilolitamka mbele ya kila mtu: siku atakayosikia kwamba mtoto amejifunza ujanja kwenye meza ile, itatoka siku hiyo hiyo.

Kocha Jailos hakuwa mtu wa baa. Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, aliyefundisha riadha, netiboli na soka kabla ya kuangukia kwenye pool, na alikuwa na daftari kuukuu ambalo watoto walilitania kuwa ni Biblia yake ya pili. Humo aliandika mambo ya michezo mingine yanayomfaa mchezaji wa pool. Kwa mpiga penalti aliandika kwamba kona huchaguliwa kabla ya kuusogelea mpira, na ukishachagua usibadili mawazo. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu aliandika habari za kupumua na kutomtazama wa pembeni. Kwa netiboli aliandika kwamba miguu hutulia kwanza, mikono hufuata.

Eveline aliyajua yote kwa moyo. Alikuwa pia mfungaji wa timu ya netiboli ya shule yao, na huko uwanjani aliokota somo jingine ambalo halikuwemo daftarini: mchezo ni filimbi. Mwamuzi asipopuliza, wewe endelea. Hilo hakumwambia kocha, alilibeba tu kichwani.

Mwezi wa Julai, baridi ya Mbeya ilipokuwa imekaza kwelikweli, vijana wa Iringa walikuja kwa mashindano. Kulingana na desturi ya ukumbi, kila mtoto mgeni alilala kwa mtoto mwenyeji, na Eveline akapangiwa msichana wa Kihesa aliyeitwa Benedicta. Mama alimpokea mlangoni kwa "Kamwene" ya Kihehe aliyojifunza kwa wateja wake, naye Benedicta akacheka na kujisikia nyumbani. Walikula ndizi pamoja, wakalala kitanda kimoja. Kesho yake mchana ikatokea kwamba wawili hao wakakutana fainali.

Kila mmoja alishinda mchezo mmoja. Katika wa tatu, Eveline alimaliza mipira yake yote, ukabaki mweusi tu. Benedicta alikuwa amebakiza mmoja na ule mweusi.

Kabla ya mechi, kocha alikuwa amewakumbusha wakunje mikono ya sweta, maana hata nguo ikigusa mpira ni faulo, na mpira mweusi ukiingia kwa faulo, mchezo umepotea. Eveline alikunja. Lakini baridi haina adabu. Alipokuwa akisubiri zamu yake aliishusha mikono ya sweta hadi vidoleni, na zamu ilipofika alisahau.

Aliinama. Ili aufikie mpira mweupe ilimbidi anyooshe mkono juu ya ule mpira mmoja wa Benedicta, na hapo akauhisi. Sufu iliugusa. Mpira ukatikisika kidogo, ukatulia palepale ulipokuwa. Aliangaza macho. Mwamuzi alikuwa nyuma yake, mgongo wa Eveline ukimkinga asione. Benedicta alikuwa ameketi kwenye benchi akipaka chaki fimbo yake. Hakuna aliyeona.

Mchezo ni filimbi, Eveline alijiambia. Akapiga, na mpira mweusi ukazama shimoni.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Benedicta alikuja kumpa mkono, tena kwa uso mkunjufu. Kisha alikuja Mzee Anyelwisye mwenyewe, taratibu na fimbo yake ya kutembelea, akamshika Eveline bega.

"Mimi niliuhukumu mchezo huu vibaya," alisema. "Leo umenifundisha, mwanangu."

Mtu angedhani maneno hayo ni asali. Eveline yalimshuka kooni kama shubiri. Aliitikia asante huku akitazama sakafu, na tangu dakika ile hakuweza tena kumtazama mtu usoni.

Kombe lingetolewa kesho yake baada ya ibada. Walirudi nyumbani, Benedicta akisimulia njia nzima namna ule mpira mweusi ulivyopigwa, kwamba yeye angeukosa. Mama alichinja kuku. Majirani walichungulia mlangoni kumpongeza mtoto wa Soweto aliyewafunga Iringa, na kila pongezi ilimpa Eveline hamu ya kuingia uvunguni. Kuku wake alimsukumia Benedicta. Mama alidhani ni furaha imemjaza tumbo.

Walipokuwa wakiosha vyombo uani, Eveline alijikaza akauliza, kana kwamba ni swali la kupitisha muda, iwapo Benedicta alikwishawahi kucheza faulo asionekane.

"Si leo asubuhi tu kwenye nusu fainali?" Benedicta alijibu, akisugua sufuria. "Kidole kiligusa mpira. Nikamwambia mwamuzi."

"Na kama usingemwambia?"

Benedicta alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nani angesema? Si mimi ndiye niliyegusa?"

Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba maji huchotwa kisimani, kisha akaendelea na sufuria lake. Sweta lake lilikuwa limelowa maji ya vyombo, na mama alipoona anatetemeka alichukua sweta la Eveline kwenye kamba akamvisha mgeni. Lilikuwa lilelile la fainali. Eveline alimtazama rafiki yake akijikunyata ndani ya ule mkono wa sufu uliomnyang'anya kombe, akimshukuru mama, na aibu ikamwasha mwili mzima.

Asubuhi alitembea kwenda kanisani kwa miguu mizito. Angenyamaza, meza ingebaki, kocha angeheshimiwa, na watoto arobaini wa mtaa wangeendelea kucheza. Angesema, Mzee Anyelwisye angeitoa, na haki angekuwa nayo. Aliipima mizani hiyo njia nzima, na kila alipoamua kunyamaza, alisikia tena lile swali la Benedicta: sasa nani angesema?

Ibada ikaisha, watu wakajaa ukumbini. Kombe lilikuwa juu ya meza ya pool, na jina la Eveline likaitwa. Alikwenda hadi mbele, lakini mikono hakuinyoosha. Machozi yalianza kabla ya maneno.

"Si la kwangu," alisema. "Sweta langu liligusa mpira wa Benedicta. Nilijua. Nikapiga hivyohivyo kwa sababu mwamuzi hakuona."

Mama yake aliinamisha kichwa. Kocha Jailos alivua kofia yake akaishika mkononi, na hilo lilimuuma Eveline kuliko kama angegombezwa. Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Anyelwisye.

Mzee alisimama. Alimuuliza Eveline ni nani aliyemfundisha kunyamaza hivyo, kama ni meza hii. Eveline alitikisa kichwa, akasema hapana, alilileta mwenyewe kutoka netiboli. Mzee aliichezea fimbo yake.

"Nimeshika filimbi ya soka miaka ishirini na miwili katika mkoa huu," alisema. "Wachezaji wamenidanganya, wamejiangusha, wameushika mpira wakaniapia kwa majina ya mama zao. Hata mmoja hajanijia kusema, mwamuzi, mpira ulinigusa mkono. Wa kwanza namwona leo." Alimgeukia Eveline. "Ulikosea jana, na kosa lina malipo yake. Kombe ni la mgeni. Lakini meza haitoki."

Kisha alimgeukia kocha. "Mwalimu, siku zote umechota masomo viwanjani ukayaleta mezani. Hili lichote mezani ulipeleke viwanjani. Mtoto anayengoja filimbi ndipo awe mkweli, si mkweli, anamwogopa mwamuzi tu. Ukweli ni ule unaousema wakati wewe peke yako ndiye uliyeona." Akamgusa Eveline kichwani, akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, mwanangu. Umechelewa, lakini umefika."

Benedicta alipewa kombe. Alilipokea kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamvuta Eveline asimame naye, na Eveline akasimama, macho bado chini. Aibu haikuondoka siku ile wala wiki ile. Ilipungua polepole, na hakuna aliyeharakisha kumfutia.

Mchana ule, kabla basi la Iringa halijaondoka, Benedicta alivua sweta akamrudishia mwenyewe. Mikono yake ilikuwa imekunjwa vizuri hadi kwenye viwiko. Eveline alilivaa palepale stendi, upepo wa Julai ukivuma, na hakuikunjua.