Tonge la Jike wa Jumamosi

Asubuhi ile betri ilikuwa na joto, na hakuna mtu aliyekuwa ameichaji. Zenon aliigeuzageuza pale mezani jikoni, akapuuza. Akaibana ubavuni mwa kitako cha bunduki kwa mkanda wa nailoni, akapitisha waya hadi kwenye darubini ya joto, ile inayoonyesha chenye joto kuwa cheupe na cha baridi kuwa cheusi, akaubandika kwa tepu nyeusi usije ukanasa matawini. Ile betri ndogo ya ndani ya darubini aliichomoa kabisa. Jumamosi, mawindoni, ilikuwa imemwangusha. Baridi ya Mazury, kaskazini mwa Poland, haina huruma na vitu vidogo.

"Hicho kidude chako kinanuka nguruwe," alisema Halszka, mkewe, akikoroga supu ya kabichi.

"Kipya hicho, mama. Kinukeje?"

Olgierd, kaka yake Halszka na mwenzi wa Zenon mawindoni, alikuwa ameegemea mlango. "Shemeji, yule nguruwe jike wa Jumamosi ulimpa tonge?"

"Nilimpa."

Alidanganya. Wawindaji wa huko, mnyama akishakufa, humkatia kitawi cha msonobari na kumtia kinywani. Ndilo tonge lake la mwisho, na hupewa kabla hajaguswa. Lakini Jumamosi darubini ilikuwa inazimika na nguruwe wa pili anatokomea, basi Zenon akamruka yule jike kama gogo na kumfukuza yule wa pili. Tangu siku hiyo aliona aibu.

Saa kumi jioni giza la Desemba lilishaingia, pamoja na ukungu. Peke yake juu ya ulingo wa kuwindia, Zenon alilaza shavu kwenye kitako, betri ikamgusa, ya moto, na ndani yake akasikia kitu kikitafuna taratibu. Kiooni akatokea nguruwe jike, mweupe kwa joto, kinywa wazi, kitupu, akija moja kwa moja bila kunusa wala kugeuka, na Zenon alipoinua jicho hakuona ila ukungu, alipolirudisha jike alikuwa karibu zaidi, harufu ya manyoya mabichi ikamjaa puani, akachomoa waya ili kioo kizime nacho kikakataa kuzima, kile kinywa kikazidi kupanuka hadi kikameza kioo kizima, naye akafumba macho, akaomba.

Alipoyafumbua, vidole vyake vilinuka utomvu wa msonobari.

"Shuka, shemeji," ilisema sauti ya Olgierd kutoka chini. "Nilikuwa nakuletea chai. Twende nyumbani."

Zenon nusura alie kwa furaha. Njia nzima Olgierd alimfuata nyuma.

Mlangoni Zenon alitoa risasi bundukini, kama ilivyo ada. Alikuwa ameweka tano. Zilitoka nne, naye hakukumbuka kufyatua hata moja.

"Zenon," Halszka alinong'ona, "kaka ana nini? Supu haigusi. Nimemshika mkono, ni barafu."

Zenon aliinua darubini. Betri alikuwa ameshaifungua, iko mfukoni, lakini alipochungulia, darubini iliwaka yenyewe. Jiko lilikuwa jeupe. Halszka alikuwa mweupe. Mezani, Olgierd alikuwa mweusi sawa na kiti alichokalia, taya zake zikienda taratibu.

"Sina kinyongo, shemeji," alisema Olgierd, akichomoa kinywani kitawi kibichi cha msonobari. "Mimi angalau hukuninyima."