Mshumaa wa Saa Tisa

"Basi atuambie alikwenda wapi," Bi Tausi alisema, mikono kiunoni, dera lake limeziba ukumbi mzima wa ghorofa. "Sote tulikuwa kwangu, simu zetu kwenye ungo. Yeye peke yake akachukua ya kwake akatoka. Mtu mzima hatoki kikaoni mbio kama aliyeshikwa na tumbo."

"Alikwenda kumbadilishia mama yake kichujio cha kipumulio," Semeni alijibu. "Nimekwambia jana, nimekwambia leo asubuhi. Au nikuletee kichujio chenyewe ukinuse?"

Watu wakacheka, kisha wakajizuia, maana haikuwa siku ya kucheka upande wa Semeni. Ghorofa ya thelathini na moja ya Mnara wa Mivinjeni ilikuwa imemwagika ukumbini, kaya zote ishirini na mbili, na hata wasiosalimiana tangu mwaka juzi walisimama bega kwa bega wapate kusikia vizuri. Kondo, mumewe Semeni, fundi feni asiye na maneno mengi, alikuwa ameegemea mlango wake. Nyuma ya mlango ule kipumulio cha mama yake kilisikika kikivuta na kutoa, kikivuta na kutoa.

Mwantumu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, tarakilishi mapajani, akingoja kuitwa.

Enzi hizo nyumba haikuwa ya mtu. Kila ghorofa ya jiji ilikuwa hisa moja katika Soko la Ghorofa, wakazi wakigawana vipande vyake, na Ubao, kioo kirefu kilichopachikwa kando ya kila lifti, ulitangaza bei saa kumi jioni soko lilipofungwa. Bei ikipanda, maji yanafika mpaka jikoni na lifti inafunguka kabla hujamaliza kuiita. Bei ikishuka, Ubao unaanza kukata: kwanza mtandao, halafu lifti inajivuta, halafu maji, mwisho umeme. Hakuna wa kumlilia. Ubao hauna ofisi wala shangazi.

Juzi yake, saa sita mchana, Bi Tausi alikuwa amewaita wote kwake. Alfajiri ile, alisema, ameona ufa kwenye nguzo ya jikoni kwake, ufa wa kuingia kidole, na hajamwambia kiumbe. Wakakubaliana wautengeneze kimyakimya kabla soko halijanusa. Simu zikakusanywa mlangoni kwenye ungo, kama ilivyo desturi ya Bi Tausi penye la siri, wakala, wakaongea, wakasutana kidogo, na ilipofika saa kumi wakatoka wakakuta Ubao mwekundu. Mtu alikuwa ameuza rundo la vipande. Bei ilikuwa imeanguka theluthi nzima.

Soko halimtaji muuzaji. Linatoa saa na kiasi tu. Lakini lina huruma yake ya namna yake. Ghorofa ikimtaja mvujishaji, yaani aliyeuza kwa siri yao, ndani ya siku mbili, na kuambatanisha chati, inarudishiwa nusu ya ilichopoteza. Kaya ya mvujishaji inang'olewa.

Ndiyo maana Mwantumu alikuwa pale na ndoo yake. Hakusomea hesabu popote. Alijifunza akiuza maji ya ukwaju chini ya Ubao wa barabarani, akisikiliza wanaume wakibishana juu ya mistari, kisha akajipakulia programu huria, zile zinazoundwa na watu na kugawiwa bure, akajenga lahajedwali la ghorofa nzima. Safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya bei, na pembeni chati ya mishumaa, kijani kwa kupanda, nyekundu kwa kushuka. Jedwali lilikuwa wazi kwa kila mkazi. Yeyote angeweza kulifungua akakagua kila kisanduku. Kwa miaka minne hakuna aliyelifungua; walimwuliza Mwantumu tu, kama wanavyomwuliza mtu hali ya hewa.

"Mwanangu, waonyeshe," Bi Tausi alimwambia.

Akawaonyesha. Mshumaa mmoja mwekundu, mrefu, umesimama juu ya saa tisa alasiri. Saa tisa wote walikuwa kwa Bi Tausi na simu kwenye ungo. Kondo alikuwa ametoka saa nane.

Semeni aliinama kuutazama mshumaa ule. Akauliza kama kuna mwingine aliyeukagua zaidi ya da' Mwantumu. Mzee mmoja akamjibu kwamba programu ni huria, akague mwenyewe, na Semeni akasema yeye anajua kusuka nywele na kupika, hajui safu.

Mikono ikainuliwa kumtaja Kondo. Kumi na tisa. Mwantumu aliinua wake wa mwisho mwisho, pale ulipokuwa hauna kazi tena, kisha akaiingiza chati kwenye Ubao.

Ubao haukupoteza muda. Mng'oaji alitoka ukutani, mashine ya magurudumu yenye mikono sita, akafungua mlango wa Kondo bawaba kwa bawaba, akatoa vitu kwa mpangilio wa kupendeza: magodoro, masufuria, mashine ya kushonea, na juu ya yote kitanda chenye bibi na kipumulio kimechomekwa kwenye betri. Kondo alimwuliza betri inakaa muda gani huko Nje wanakopelekwa. Mng'oaji alijibu kwa adabu kwamba Nje hakuna soketi, hivyo swali hilo liko nje ya huduma yake.

Walipangwa mbele ya lifti. Lifti ya ghorofa iliyoshuka huja kila nusu saa, basi ikabidi wangoje, na majirani, kwa kuwa hawakujua waangalie wapi, wakaingia kwa Bi Tausi mmojammoja. Harufu ya pilau ilikuwa imeshajaa ukumbini.

Nusu ya bei ikarudi. Mtandao nao ukarudi. Tarakilishi ya Mwantumu ikalia kidogo, programu ikavuta takwimu za siku mbili zilizokosekana, na kwenye chati ikasimama mishumaa miwili.

Mmoja saa tisa alasiri. Mwingine saa tatu asubuhi. Kiasi kilekile, bei ileile, mpaka senti.

Akaelewa kabla hajataka kuelewa. Siku ile mtandao ulikuwa umekatwa, watu wanapiga kelele mgongoni, na yeye alinakili kwa mkono kutoka kwenye Ubao. Ubao ulitengenezwa ng'ambo. Haujui kwamba hapa siku inaanza jua likichomoza. Uliandika 9:00. Siku zote programu ndiyo iliyogeuza saa hizo, na mkono wake haukuwa na mazoea hayo. Aliona tisa, akatamka tisa, ukumbi mzima ukaitikia tisa, akaandika tisa.

Rundo liliuzwa saa tatu asubuhi, kabla ya kikao, kabla Kondo hajasikia neno ufa. Na saa tatu asubuhi ile, mtu mmoja tu katika ghorofa alikuwa ameuona.

Mwantumu alifunga tarakilishi nusu, akamfuata Bi Tausi mlangoni. Alimweleza kwa sauti ya chini, akimwonyesha mishumaa yote miwili. Bi Tausi alisikiliza huku akipangusa sahani.

"Na aliyeandika tisa ni nani?" akauliza.

Mwantumu akaivuta tarakilishi kifuani.

"Mwanangu, mimi nina wajukuu wanne ndani humu. Niliuona ufa, nikauza changu kwanza, kisha nikawaambia. Angekuwa mwingine angeuza asiwaambie kabisa." Aliiweka sahani juu ya nyingine. "Nenda kaseme. Ubao utaing'oa kaya yangu, na utaing'oa ya aliyepeleka chati ya uongo. Hao pale hawatarudishiwa mlango. Ulishapewa mtu wa foleni ya wanaosubiri nyumba. Wewe una hesabu kuliko mimi. Piga."

Alipiga. Kwa uso alikuwa anatazama vigae vya ukumbi, lakini ndani alikuwa anapiga, kaya moja, kaya tatu, ndoo yake na jedwali lake na maji yake yanayofika mpaka jikoni. Hesabu ilitoka upesi mno.

Lifti ilikuwa imefika ghorofa ya ishirini na nane, taa yake ikipanda taratibu.

"Da' Mwantumu," Semeni aliita. Hakuwa akilia. Alikuwa ameshika mpini wa kitanda cha mama mkwe kwa mikono miwili. "Nitumie lile jedwali. Sijui safu, lakini huko nitakuwa na muda. Nitajifunza nilisome mwenyewe."

Kondo akamwambia aache. Semeni akasema haombi huruma, anaomba jedwali tu.

Jedwali huria huweka historia. Kila badiliko, nani alilifanya, saa ngapi. Mwantumu alijua kwamba anayelifungua kwa subira, hata msusi, atafika mwishowe kwenye mishumaa miwili. Akauficha mstari wa saa tatu asubuhi, akapiga picha ya chati iliyobaki, akatuma picha.

"Nimekutumia," akasema.

"Ndilo lenyewe?"

"Ndilo, mdogo wangu."

Semeni akamshukuru. Aliingia kinyumenyume akivuta kitanda, Kondo akisukuma, na kipumulio kikavuta na kutoa, kikavuta na kutoa, mpaka milango ikagusana na sauti ikakatika katikati ya kuvuta.

Ukumbi ukabaki na alama za magurudumu ya Mng'oaji na kijiko kimoja kilichodondoka. Mwantumu akakiokota, akakosa pa kukiweka. Ndani watu walikuwa wameanza kucheka tena, mtu anamsimulia mwenzake jinsi fulani alivyoinua mkono huku ana tonge mdomoni.

Bi Tausi alitoa kichwa mlangoni, akasogea kando kumpa nafasi ya kupita.

"Mbona umesimama kama mgeni?" akasema. "Viatu acha hapo. Ingia ule, nimekuwekea pande la nyama."