Mtutu wa Delmer

Haya hayakunipata mimi, yalimpata Delmer Stidham, jirani yangu huku milimani Kentucky, mtu anayeunda magobore kwa mapenzi tu. Alipata mtutu mkuukuu, akauchongea kitako kipya, akitaka kushindania nao shabaha Jumamosi.

Alhamisi mchana alishuka chumba cha chini kuupima. Ukitumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kwenye mtutu mtupu, unagonga chuma cha mwisho: ting! Wake ulilia dup, vidole vinne kabla ya mwisho. Basi ndani mna risasi, akawaza.

Akaivuta kwa skrubu iliyofungwa kwenye ncha ya mdeki, haikuja. Akamimina maji ya moto, akasugua, akatukana. Dup.

“Delmer wee!” mkewe, Verna, alimcheka kutoka ngazini. “Wenzako watalenga shabaha, wewe utakuwa unakuna bomba!”

“Niache, mwanamke! Tangu mchana linanichezea, dude hili!”

Kwa hasira akaufunga mtutu kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, akafungua kizibo cha nyuma, akachungulia. Mwanga wa dirisha ulipita moja kwa moja. Ndani hamkuwa na kitu, hata kutu.

“Kumbe nilikuwa nahangaika bure,” akajisemea.

Akaziba tundu la nyuma kwa kiganja cha kushoto, ili mdeki umguse hapo. Kwa mkono wa kulia akautumbukiza.

Dup. Vidole vinne kabla ya mwisho.

Kiganja hakikuguswa na kitu. Akasukuma kwa nguvu zake zote.

Huko ndani, taratibu, mdeki ukasukumwa kumrudia.