Haya ya Nathanaeli

— Secilia, rudi kwenu Bungu.

— Unanifukuza?

— Sikufukuzi. Nimeshindwa kukutunza.

Nilimtazama mume wangu, Nathanaeli, amejikunyata kwenye benchi la kanisa. Siku ya tisa tunalala humo. Mvua ilifurisha mto, ukabeba nyumba yetu, mbuzi wetu, na kabichi zilizobakiza wiki moja tu zivunwe. Wazee wote wamejenga juu mlimani. Sisi tukajenga bondeni, tuwe karibu na bustani. "Nani apande mlima na ndoo?" ndivyo alivyoniambia. Na mimi, mapenzi yamenijaa kichwani, nikaitikia.

— Nathanaeli, kamwone balozi wa nyumba kumi atuitishie msaragambo, watu waje watusaidie kujenga. Wenzetu wanajengewa.

— Siendi.

— Kwa nini?

— Si unajua!

Nilijua, ndiyo. Mwaka jana, tulipopangwa upya kuwa kijiji cha Ujamaa, watu walijengeana nyumba kila Alhamisi. Mume wangu hakutia mguu hata siku moja; alikuwa na kabichi zake za kupeleka Tanga. Mama Salimu, mjane wa watu, alimwomba ambebee miti tu. Akamjibu, "Kila mtu abebe mzigo wake." Kijiji kizima kilisikia.

— Basi kamwombe radhi.

— Kwa uso gani, Secilia?

Jamani, nilichoka! Nililia mbele za watu kama mtoto. Mtu huyu nampenda, na sikuwa na la kumfanyia. Nikaandika barua, nikampa utingo wa gari la Korogwe aifikishe kwetu:

"Kaka Yohane, shikamoo. Njoo unichukue. Tumeshindwa."

Kaka alifika Alhamisi asubuhi. Nathanaeli hakuwepo. Nikajua amekwepa kuniaga, nikamlaani kimoyomoyo huku nafunga kibunda changu.

Njia ya kwenda stendi inapita kwa Mama Salimu. Mvua ile ile ilimwangushia ukuta mmoja, na watu walikuwa wanaukandika. Pembeni, peke yake, mume wangu alikuwa anakanda udongo kwa miguu, matope hadi magotini.

— Shikamoo, Mama Salimu.

— Marahaba, mwanangu. Mumeo yuko hapa tangu alfajiri. Nikamwambia, mimi sikukuita.

— Akasemaje?

— Atasema nini? Kaomba radhi, kalia, kaingia matopeni.

— Ukamsamehe?

— Bado.

Nathanaeli alinisogelea. Hakuthubutu kunishika mkono.

— Na nyumba yetu? nikamuuliza.

— Sijui. Hata salamu yangu hawajaitikia. Labda hawatakuja kwetu kamwe. Sina cha kukuahidi, mke wangu. Nenda, sitakulaumu.

Miaka mitano ya ndoa, sikuwahi kumsikia akisema "sijui". Alikuwa mtu wa kujua kila kitu, hadi mto utapita wapi. Moyo wangu uliniuma vibaya sana, nikatamani kumkumbatia hapo hapo mbele ya kaka.

— Na kesho? nikamuuliza.

— Kesho nitarudi hapa. Wakinifukuza, nitarudi keshokutwa.

— Secilia, twende, gari litatuacha! Kaka Yohane alikuwa ameshaanza kuteremka.

Niliweka kibunda chini. Nikavua kandambili, nikakaza kanga kiunoni, nikaingia matopeni. Yalikuwa ya baridi kweli.

— We mtoto una wazimu? Leo utalala wapi?

— Atakapolala mume wangu, kaka.