Kigoda Kisichotaka Haraka

Kila jioni Kemunto alitupa mkoba wa shule mlangoni, akamtangazia mama yake, nesi aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu, kwamba naye anakwenda kazini, kisha akaruka ua hadi kwa jirani. Mtaa mzima wa Nechells, huko Uingereza, ulijua kwamba msichana huyu wa miaka kumi na miwili hajawahi kutembea. Alikimbia.

Jirani, Babu Ferenc, alikuwa Mhungari. Mwaka 1956, vifaru vya Kisovieti vilipoingia Budapest kuzima maasi, alivuka mpaka kwa miguu. Mfukoni alikuwa na kipande cha mti wa plamu kutoka bustani ya baba yake. Sasa, Desemba 1971, alikuwa akikichonga kiwe mguu wa kigoda cha Mtakatifu Lusia. Kwa desturi ya kwao, kigoda hicho huanzwa tarehe kumi na tatu na kumalizika mkesha wa Krismasi, bila msumari hata mmoja, na kila siku hufanywa kazi ndogo moja tu. Anayekipanda kanisani, walisema wazee, huwaona wachawi.

Siku ya tano kazi ilikuwa kupiga msasa. Miguu ilimwasha Kemunto. Babu alipotoka kununua mkate, msichana aliamua, kwa heshima zote, kuisaidia Hungaria. Alichukua nyundo, akaupigilia mguu wa plamu kwenye tundu lake. Ukapasuka.

Aliuficha kwenye ndoo ya makaa. Babu aliporudi aliutafuta mezani, sakafuni, kisha mfukoni mwa koti, kana kwamba bado anavuka mpaka. Moyo wa Kemunto ulikwenda mbio kuliko miguu yake.

"Babu, nimeupasua mimi. Uko kwenye makaa."

Babu aliufuta masizi, akaugeuza kuukagua ufa. Kemunto alisubiri kuambiwa haraka haraka haina baraka, maana mama yake angeisema mara tatu.

"Mti uliopasuka huungika kwa gundi na kamba," Babu alisema. "Ungeuficha hadi kesho, ningeuchoma motoni bila kujua. Haraka yako imeupasua, ukweli wako umeuokoa. Tutauunga kesho. Kazi ya leo umeshaifanya."

Mkesha wa Krismasi, kanisani, Kemunto alipanda kigoda chenye mguu uliofungwa kamba.

"Unawaona wachawi?" Babu alinong'ona.

"Namwona mama tu. Ananiashiria nishuke."

"Basi shuka," Babu alisema. "Polepole."